Ukitaka Kuijua Krismasi ya Watu, Anza na Mfungo Wao

Kila Desemba orodha zilezile hurudi mtandaoni: Wajapani wanakula kuku wa kukaanga, Wacheki wanafuga samaki bafuni, Waethiopia wanasherehekea kwa kuchelewa, Waitalia wanapakua samaki wa aina saba. Msomaji anacheka, anasambaza, anasahau. Si kwamba orodha hizi zinadanganya sana, ingawa hapo kwenye samaki saba zimeteleza: hesabu hiyo ni ya Wamarekani wenye asili ya Italia, na Italia kwenyewe watu hula samaki usiku wa mkesha bila kuhesabu. Kasoro kubwa ni kwamba zinaonyesha sahani na pambo, halafu zinanyamaza kuhusu kilichovileta. Mila iliyong'olewa namna hiyo haina budi kuonekana kituko.

Kwa mila yoyote ya Krismasi yenye umri, yapo maswali matatu yanayofungua karibu milango yote. Watu hawa walikuwa wamefunga nini? Wanahesabu siku kwa kalenda ipi? Na kazi iliwaachia saa ngapi za kusherehekea? La kwanza ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa wengi wanaoila Krismasi leo hawaifungii tena. Kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko mengine yote.

Mchukue huyo samaki wa bafuni. Kwa Wakatoliki wa Ulaya ya Kati, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kujinyima nyama, na hata baada ya nyota ya kwanza kuonekana, mlo wa mkesha ulibaki bila nyama. Ndiyo maana meza ya Poland ina vyakula 12 na hakuna hata kimoja chenye nyama. Samaki akapanda cheo. Lakini Ucheki hauna bahari. Una mabwawa ya kuchimbwa, hasa kusini karibu na mji wa Třeboň, ambako bwawa kubwa kuliko yote nchini, Rožmberk, lilijengwa kati ya mwaka 1584 na 1590 chini ya Jakub Krčín. Samaki anayestawi humo ni karpi. Huchukua miaka mitatu hadi minne kufikia kilo mbili au tatu, na mabwawa hukaushwa wakati wa kipukutiko ili avuliwe. Kuanzia hapo huhamishiwa kwenye vidimbwi vya maji safi yanayotiririka, akakaa bila kulishwa mpaka harufu ya tope imtoke. Muuzaji akiikata hatua hii ili awahi soko, hakuna kiungo kitakachoficha ladha ya matope mezani.

Bafu nalo lilikuwa na kazi. Kabla ya majokofu kuenea, samaki asiyeoza ni samaki aliye hai, na bafu lilikuwa chombo pekee nyumbani chenye nafasi ya kumtosha. Siku hizi wengi humchinjisha palepale kwenye mapipa ya barabarani, ambayo huanza kuonekana siku chache kabla ya Krismasi. Anayembeba akiwa hai humpatia maji baridi. Maji ya uvuguvugu humaliza hewa upesi, na klorini nyingi ya bombani humuua.

Kisha kuna miiba, ambayo waandishi wa orodha hawaigusi kabisa. Karpi ana vijiba vyenye umbo la Y vilivyolala katikati ya nyama. Havikushikana na uti wa mgongo, kwa hiyo ukitoa mnofu vinabaki ndani yake. Dawa ni kisu kikali. Mnofu unalazwa ngozi ikiwa chini, unakatwa kwa mistari ya karibu karibu, kila milimita tatu hivi, kisu kikipita kwenye nyama na miiba lakini kikikomea kwenye ngozi. Mafuta ya moto yanaingia katika mikato hiyo na kuvilainisha vipande vya miiba hadi vikawa vya kulika. Ukikata kila sentimita moja, vipande vinabaki virefu na vitakwama kooni. Ukipasua ngozi, mnofu unasambaratika kikaangoni. Baada ya hapo ni unga, yai, chenga za mkate, na moto wa wastani. Mafuta yakichemka kupita kiasi, chenga huwa nyeusi kabla miiba haijaiva.

Mfungo huohuo, huko Saksonia nchini Ujerumani, ulikuwa na sura nyingine: ulikataza siagi. Mkate wa Krismasi wa Dresden, Stollen, ulikandwa kwa mafuta ya mbegu, na haukuwa na raha yoyote. Watawala wa Saksonia wakaomba ruhusa Roma, na mwaka 1491 Papa Inosenti wa Nane akatoa waraka unaojulikana kama Barua ya Siagi, uliowaruhusu kutumia siagi kwa malipo. Kuanzia hapo mkate ukaanza kunenepa. Leo Stollen wa Dresden una ulinzi wa kisheria katika Umoja wa Ulaya, na masharti yake yanasomeka kama kisasi dhidi ya karne zile za mafuta: kwa kila gramu 1,000 za unga, siagi isipungue gramu 500, zabibu kavu gramu 650, maganda ya chungwa na limau yaliyopikwa kwa sukari gramu 200, lozi gramu 150. Majarini ni marufuku.

Unga wenye mafuta mengi kiasi hicho unaidhoofisha hamira. Anayetia vitu vyote bakulini kwa pamoja hupata tofali. Waokaji huumua kwanza kinyunga kidogo cha maziwa, hamira na sehemu ya unga. Kikishafura ndipo siagi na unga uliobaki huingia, na matunda huja mwisho kabisa, kwa mkono mwepesi. Zabibu zisiporowekwa usiku kucha hufyonza maji ya mkate ukiwa tumboni mwa joko, na zile zinazochungulia juu huungua zikawa chungu, hivyo hunyofolewa. Mkate ukitoka ungali moto hupakwa siagi iliyoyeyushwa na kufunikwa kwa sukari. Sukari hiyo inaonekana kama pambo, kumbe pamoja na siagi ni ganda linalozuia unyevu kutoka katika wiki mbili hadi nne za kuukomaza mahali pa baridi. Kumkata Stollen siku aliyookwa ni kumlaumu bure.

Ethiopia ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko nchi yoyote, kwa sababu mfungo haujawa historia. Kabla ya Genna, yaani Krismasi yao, waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo hufunga siku 43: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai, hakuna siagi. Sasa itazame sufuria ya doro wat inayofunguliwa baada ya ibada ndefu ya usiku. Kuku, mayai ya kuchemsha, siagi iliyosafishwa kwa viungo. Kila kilichokatazwa kimerudi kwa pamoja katika mchuzi mmoja. Anayeuita "mchuzi wa kuku wa Kihabeshi" ametaja chakula na kuacha sikukuu nje.

Upishi wenyewe hauna njia ya mkato. Kuku hukatwa vipande 12 na kuoshwa mara kadhaa kwa limau na chumvi. Vitunguu vyekundu, kilo moja na nusu hadi mbili kwa kuku mmoja, hukatwakatwa vidogo sana na kupikwa kwanza bila mafuta, moto mdogo, vikikorogwa kwa saa nzima au zaidi mpaka viwe rojo. Rojo hilo ndilo linaloupa mchuzi uzito, kwa maana hakuna unga unaotiwa. Aliyekosa subira akaongeza moto atapata vipande vya vitunguu vinavyoelea kwenye maji mekundu. Berbere, mchanganyiko wa pilipili na viungo, ikitiwa kwenye sufuria kavu yenye moto mkali huungua na kuwa chungu, na uchungu huo hauondoki. Matone ya maji yakitangulia, au siagi, hatari hiyo huisha. Mayai huchanjwa kwa kisu ili rojo lipenye, na huingia mwishoni.

Na hapana, Waethiopia hawachelewi. Wanasherehekea tarehe 29 ya mwezi wao wa Tahsas, ambayo kwa kalenda ya Gregori, hii ya ukutani, huangukia tarehe 7 Januari. Kila baada ya mwaka mrefu wa Kiethiopia hesabu inasogea siku moja, nao huiadhimisha Genna tarehe 28 Tahsas ili isiiache tarehe 7. Makanisa ya Urusi na Serbia hufika tarehe hiyohiyo kwa barabara nyingine: kwao ni 25 Desemba ya kalenda ya Julius, ambayo iko nyuma ya ile ya Gregori kwa siku 13. Pengo litakuwa siku 14 kuanzia Machi 2100, na Krismasi ya Julius itaangukia tarehe 8 Januari kuanzia 2101. Kusema "Waorthodoksi husherehekea Januari" pia ni kukosea: Ugiriki, Romania na Bulgaria husherehekea tarehe 25 Desemba. Kanisa la Kitume la Armenia huadhimisha Kuzaliwa na Ubatizo kwa pamoja tarehe 6 Januari, na Waarmenia wa Yerusalemu, wanaoshika kalenda ya zamani, tarehe 19 Januari. Ndiyo maana Bethlehemu hupokea maandamano ya Krismasi mara tatu kila majira.

Tarehe si jambo la makarani peke yao, na Ukraine imelithibitisha hilo. Sheria ya Julai 2023 ilihamisha sikukuu ya taifa kutoka 7 Januari hadi 25 Desemba, na makanisa mawili makubwa, la Kiorthodoksi la Ukraine na la Kikatoliki la Kigiriki, yakabadili kalenda zao Septemba mwaka uleule. Vyombo vya habari vililieleza kama suala la kujitenga na Moscow, na kweli lilikuwa hivyo. Lakini kwa anayefunga kulikuwa na lingine. Kwa kalenda ya zamani mfungo wa Krismasi ulianza 28 Novemba na kuisha jioni ya 6 Januari, maana yake karamu ya Mwaka Mpya, yenye saladi za mayonezi na soseji, iliangukia katikati ya mfungo. Mshika dini ama alikula kwa dhamiri nzito ama alikaa akitazama wenzake wakila. Sasa mfungo unaanza 15 Novemba, Mtakatifu Nikolai ameletwa tarehe 6 Desemba badala ya 19, na Mwaka Mpya unakuta sufuria za nyama zimeshapata ruhusa.

Uswidi ilifanya mabadiliko kama hayo mwaka 1753, na sikukuu ya Mtakatifu Lucia ikabaki imekaa mahali pasipokuwa pake. Tarehe 13 Desemba kwa kalenda ya zamani, katika karne ya 14, ndiyo iliyokuwa na usiku mrefu kuliko wote. Kalenda ilipobadilishwa, usiku ulihama. Jina na tarehe vikabaki. Maandamano ya msichana mwenye taji la mishumaa yalienea nchi nzima baadaye sana, hasa baada ya gazeti moja la Stockholm kuandaa shindano mwaka 1927. Anayevaa mishumaa ya kweli huweka kitambaa chenye unyevu juu ya nywele kabla ya taji, kwa sababu nta hudondoka hata akitembea taratibu. Watoto hupewa taji la betri.

Swali la saa za kazi linajibiwa vizuri na Ufilipino. Simbang Gabi ni misa tisa, kuanzia 16 hadi 24 Desemba, zinazosomwa alfajiri kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Siku hizo tisa hazikuanzia Manila. Mwaka 1586 padre Mwagustino Diego de Soria, wa Acolman huko Mexico, alipata kibali cha Papa Sixtus wa Tano cha kusoma misa za siku hizo, na huko Mexico mbegu hiyo ikaota Las Posadas, msafara wa jioni wa kuomba hifadhi mlango kwa mlango. Merikebu za Kihispania zilizosafiri kati ya Acapulco na Manila zilibeba watu, fedha na ibada. Lakini mkulima wa Ufilipino alipaswa kuwa shambani jua likichomoza, basi misa ikasogezwa kabla ya kazi. Mijini leo, ambako mtu anatoka ofisini usiku, parokia nyingi zimeongeza misa ya jioni, na wapo wanaolalamika kwamba mila inachakachuliwa. Mimi naona imefanya kilekile ilichofanya mwanzo, yaani kuifuata ratiba ya mfanyakazi.

Hata vibanda vya chakula mlangoni pa kanisa vina mfungo nyuma yake. Kabla Papa Pius wa Kumi na Mbili hajaanza kulegeza masharti mwaka 1953, aliyetaka kupokea komunyo hakula wala kunywa tangu usiku wa manane. Watu wakitoka nje wana njaa ya kweli: hapo wanakutana na bibingka, mkate wa mchele uliookwa juu ya jani la mgomba na makaa chini na juu, na puto bumbong, mchele wa kunata wa rangi ya zambarau uliopikwa kwa mvuke ndani ya vipande vya mwanzi.

Taa ya nyota iitwayo parol inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa huigwa sana na hukosewa sana. Mifupa yake ni fito 10 za mwanzi zenye urefu sawa, tuseme sentimita 30. Tano zinapishanishwa na kufungwa ziwe nyota. Tano nyingine vivyo hivyo. Nyota mbili zinalaliana, zinafungwa kwenye ncha tano. Kisha vijiti vitano vya sentimita saba hivi vinasukumwa katikati ya nyota hizo, kila kimoja kwenye makutano ya ndani ya fito, na hapo nyota inavimba na kupata tumbo. Fito zikipishana urefu kidogo tu, ncha hazikutani na nyota inapinda upande. Vifundo vya mwanzi visipochongwa, fito hazipindi na karatasi inachanika. Vijiti vya kutanulia vikiwa virefu mno, ncha zinafyatuka kwenye kamba. Gundi nayo isiwe nyepesi, maana karatasi laini ikilowa hulegea. Upande mmoja huachwa na kidirisha cha kuingizia balbu. Zamani ulikuwa mshumaa.

Katika mji wa San Fernando, jimbo la Pampanga, nyota hizi zimekua mpaka kufikia mita sita na kubeba maelfu ya balbu. Mchezo wa taa zake hautegemei kompyuta. Nyuma ya nyota kuna mapipa ya chuma yanayozungushwa kwa mkono, nyaya zikiyagusa kupitia pini za nywele. Pale fundi anapotaka balbu izime, amebandika utepe juu ya chuma. Pipa likizunguka, pini ikipita juu ya utepe umeme unakatika, ikifika kwenye chuma kitupu taa inawaka. Utepe uliobandikwa sentimita chache nje ya mahali pake huharibu muziki mzima wa rangi.

Kwa Japani, maswali yangu yanaonekana kukwama, maana hakuna mfungo wala ibada kwa walio wengi. Lakini swali la kazi linatosha. Tarehe 25 Desemba si sikukuu ya taifa; watu wako kazini. Kilichobaki ni jioni ya tarehe 24, na chakula kinachofaa jioni ya mtu aliyetoka kazini ni cha kununua kikiwa tayari. Kampeni ya Kentucky Fried Chicken ya mwaka 1974 ilikuta nafasi hiyo ikiwa wazi: kuku mzima wa kuoka alikuwa shida katika majiko madogo ya nyumbani, na bata mzinga alikuwa adimu. Oda huwekwa wiki kadhaa kabla, na asiyeweka hukuta foleni. Keki ya malai na stroberi imeathiri hata kilimo, kwani wakulima hutumia vitalu vya plastiki kulifanya tunda la masika liive Desemba. Ikifika tarehe 26, mapambo yameshaondolewa kupisha yale ya Mwaka Mpya, ambao ndio sikukuu yenyewe ya familia.

Wako wanaosema mila ya namna hii, iliyozaliwa na tangazo, haihesabiki. Hoja hiyo hainishawishi, kwa sababu vitu vingi tunavyoviona vya kale vina mwanzilishi na tarehe. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole. Na shada la Majilio, lile la majani na mishumaa ya kuhesabia Jumapili nne za kungoja Krismasi, ambalo watu huapa kwamba limetoka enzi za upagani, lina anwani kabisa: nyumba ya malezi ya Rauhes Haus, Hamburg, mwaka 1839.

Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini waliomchosha kwa swali moja: Krismasi lini? Walikuwa Waprotestanti, mfungo wa kuwaonjesha ukaribu wa sikukuu haukuwepo. Akahitaji kitu kingine cha kupimia kungoja. Alichukua gurudumu la mbao akalipanga mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe minne. Hesabu hiyo si ya kubuni tu. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, hivyo kulikuwa na siku 24 hadi mkesha: Jumapili nne, siku za kazi 20. Majilio hubadilika kati ya siku 22 na 28, kwa hiyo gurudumu lake lingehitaji midogo 24 mwaka 2022, na 18 tu mwaka 2023. Shada lilipoingia majumbani lilibakiza ile minne, idadi isiyobadilika kamwe. Kalenda za kufungua vidirisha zilikuja baadaye na zikakwepa hesabu yote kwa kuanza tarehe 1 Desemba kila mwaka, Majilio yawe yameanza au la.

Shada la nyumbani lina tatizo lake la fizikia. Mshumaa wa kwanza huwaka wiki zote nne, wa nne huwaka mwishoni tu. Mwaka 2023 Jumapili ya nne ndiyo iliyokuwa mkesha wenyewe. Mishumaa ikinunuliwa sawa, ule wa kwanza hufika kwenye majani ya msonobari kabla ya Krismasi, na kufikia wakati huo majani yamekauka kiasi cha kushika moto kwa cheche moja. Wenye uzoefu huuchagua wa kwanza uwe mnene na mrefu kuliko wenzake, huuweka kwenye kikalio cha bati chenye ukingo, na huuzima baada ya nusu saa.